Maswali ya wasomaji: Kilemba cha gunia, shoti ya droo na kahawa ya mnunuzi

Safari hii tumechagua barua sita kuhusu haki katika biashara. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mfanyabiashara mdogo atakwendaje sawa ikiwa jirani zake hawaendi sawa? Tumejibu kwa hesabu kila ilipowezekana, maana hesabu ndiyo inayoonyesha ni nani anabebeshwa hasara asiyoiona.

Nanunua mahindi vijijini na kuyapeleka soko la Kibaigwa. Wenzangu wote wananunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Nikileta mizani, mkulima ananitazama kana kwamba nimekuja kumwibia. Nikinunua gunia la kilo mia kwa bei ile ile ya lumbesa, naumia. Nifanyeje? (Mnunuzi wa mahindi, Kongwa)

Ndugu yetu, kosa lako ni kushindana kwa bei ya gunia. Gunia si kipimo. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu ni kosa la anayenunua na anayesafirisha pia. Lakini sheria peke yake haitamshawishi mkulima wako. Hesabu itamshawishi.

Tuseme gunia linanunuliwa kwa shilingi 70,000, nalo ni lumbesa lenye kilo 130. Mkulima mwenye kilo 2,600 atajaza malumbesa 20 na kupata 1,400,000. Kwa kilo, ameuza kwa shilingi 538 tu, ingawa moyoni anaamini ameuza kwa 700. Wewe ukija na mizani na bei ya shilingi 600 kwa kilo, atapata 1,560,000. Umemwongezea 160,000, na wewe hukulazimika kulipa 700. Andika bei ya kilo kwenye ubao mbele ya mizani, na chini yake andika bei ya lumbesa la jirani iliyogeuzwa kuwa ya kilo. Mkulima akiona namba mbili zimesimama pamoja, hahitaji hotuba.

Sasa mizani yenyewe, maana hapo ndipo imani hujengwa au hubomoka. Iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka huu. Uhakiki ni wa kila mwaka, na mizani ikitengenezwa inahakikiwa tena kabla ya kutumika. Kila asubuhi fanya jaribio la pembe: chukua jiwe la kilo 20 lililothibitishwa, liweke katikati ya jukwaa, kisha kwenye kila pembe. Namba ikibadilika kutoka pembe moja hadi nyingine, ardhi haiko sawa, au kuna punje na mchanga chini ya jukwaa, au mguu mmoja umelegea. Angalia pia gunia lisiguse ukuta wala mguu wa mtu wakati wa kupima. Likiegemea kitu, uzito wake unapungua nawe hujui. Betri ikikaribia kwisha, mizani nyingi za kidijitali huanza kuyumba. Zichaji usiku.

Uzito wa gunia tupu utolewe waziwazi. La katani hukaribia kilo moja. La salfeti, yaani plastiki iliyofumwa, ni gramu mia na kitu. Pima magunia matupu kumi pamoja mbele ya wakulima, gawanya kwa kumi, na hiyo ndiyo namba utakayoitoa siku nzima. Kutoa "kilo mbili za gunia" kwenye mfuko wa salfeti ni wizi uleule wa kilemba, ila umevaa nguo nyingine.

Kuna eneo jingine ambalo wanunuzi wengi waaminifu huteleza bila kujua: unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mnunuzi hung'ata punje, hukunja uso na kukata kilo kumi kwa kila mia. Kanuni halisi ni hii: zidisha uzito kwa (100 kutoa unyevu uliopimwa), kisha gawanya kwa 86.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 ni 100 × 82 ÷ 86.5, yaani kilo 94.8. Makato ya haki ni kilo 5.2, si kumi. Zenye asilimia 16 hukatwa kilo 2.9. Kwa hiyo nunua kipima unyevu, na mwache mkulima asome kioo mwenyewe. Njia ya chupa na chumvi kavu (ukitikisa, chumvi ikaganda ukutani, mahindi yamezidi asilimia 15 hivi) inafaa kukataa au kukubali mzigo. Haifai kukokotoa makato.

Na mahindi mabichi usiyanunue kwa bei ya kutupa ukayachanganya na makavu. Yakikaa na unyevu yanaota kuvu wa sumukuvu. Kukausha baadaye kunazuia kuvu kuendelea, lakini sumu iliyokwisha kuingia haitoki kwa jua wala kwa kupikwa ugali. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara walikufa watu kwa sumu hiyo. Mikoa hiyo ndiyo yako. Anayekula mchanganyiko wako hajui uliununua wapi, wala hana namna ya kukuuliza.

Mwisho, wafikirie wapagazi. Gunia la kilo 130 linabebwa na mgongo wa mtu anayelipwa kwa gunia moja.

Nina duka la jumla. Wateja wanakopa halafu hawapokei simu. Nimefungua kundi la WhatsApp, nimeweka majina na namba zao na kiasi wanachodaiwa. Wawili wamelipa. Mtu ananiambia nitashtakiwa, ni kweli? (Mama wa duka, Tanga)

Ni kweli, mama. Jina, namba ya simu na deni la mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mteja alikupa namba ili umjulishe mzigo umefika au umdai mwenyewe. Hakukupa ili mtaa mzima umjue. Anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na deni lake kwako haliifanyi aibu ile kuwa halali. Lifunge kundi leo, na uwafutie wote ujumbe ule pale inapowezekana.

Deni lidai kwa daftari. Kila mkopo uandikwe tarehe, bidhaa, kiasi, siku ya kulipa, na mteja atie sahihi palepale. Siku ikipita, barua ya kwanza ipeleke kwa mkono, umpe nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Mahakama ya Mwanzo ukiwa na daftari lenye sahihi. Daftari lisilo na sahihi ni kumbukumbu yako tu. Weka pia ukomo wa kukopa kwa kila mteja kabla ya kumpa mkopo wa kwanza; kumwekea ukomo baada ya kuzidiwa huleta ugomvi.

Nina vibanda viwili vya uwakala wa fedha. Kila kibanda kina vijana wawili, mshahara 240,000 kila mmoja. Ikitokea shoti, yaani fedha zikipungua kwenye hesabu, nawakata nusu kwa nusu. Mwezi uliopita shoti ilikuwa 180,000, nikawakata 90,000 kila mmoja. Mmoja ameacha kazi na anasema anakwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Mimi si nimeibiwa? (Wakala, Mwanza)

Pole kwa hasara, lakini huyo kijana ana hoja, na tunakushauri umrudishie fedha kabla hajaitwa mtu.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kweli ya kupinga. Usikate zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya 240,000 ni 60,000, nawe ulikata 90,000. Sharti la kwanza ndilo lililokushinda zaidi: ukigawa shoti nusu kwa nusu, umekiri kwamba hujui kosa ni la nani.

Hujui kwa sababu vijana wawili wanatumia droo moja na simu moja. Kazi ya uwakala ina hesabu nzuri inayokusaidia: fedha taslimu jumlisha floti (fedha iliyo kwenye simu ya uwakala) ni sawa na mtaji, saa zote. Ukianza na taslimu 1,200,000 na floti 1,800,000, jumla ni milioni tatu. Mteja akiweka 300,000, taslimu inapanda na floti inashuka, jumla haibadiliki. Akitoa, kinyume chake. Kwa hiyo kila mtu awe na droo yake na namba yake ya siri, na kwenye kubadilishana zamu wote wawili wahesabu pamoja: noti kwa aina, floti ya kila laini, jumla, saa, sahihi mbili. Dakika kumi zinatosha. Kamisheni ihesabiwe pembeni, isichanganywe na mtaji, la sivyo itaficha shoti ndogo hadi iwe kubwa.

Ukishaanza kufunga hesabu hivyo, utaona shoti hutoka sehemu chache zinazojulikana. Kijana ametuma kabla ya kupokea fedha kwa sababu mteja alisema "tuma kwanza, natoa mfukoni". Ameamini ujumbe wa kughushi badala ya kuangalia salio. Amekosea tarakimu ya namba. Amepokea noti bandia jioni taa ikiwa hafifu. Na sehemu moja ambayo wenye mali hawapendi kuisikia: mwenyewe amepita akachukua hamsini ya mboga bila kuandika. Anza kutafuta hapo. Kila fedha inayotoka kwenye droo, hata yako, iandikwe na itiwe sahihi.

Umetuandikia pia kwamba kibanda hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, na kwamba mmoja akiwa na udhuru mwenzake hukaa peke yake siku nzima. Hizo ni saa kumi na nne. Sheria inaweka saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, hazizidi 50 katika wiki nne, na kwa vyovyote mtu hafanyi kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mtu aliyehesabu fedha za watu tangu asubuhi hukosea usiku, na hilo kosa si lake. Gawanya zamu mbili.

Baadhi ya shoti ni gharama ya biashara, kama vile duka la vyombo lilivyo na vikombe vinavyovunjika. Tenga sehemu ya kamisheni kila mwezi kwa ajili hiyo. Ikiwa kosa limethibitika kweli, kata kidogo kidogo ndani ya robo: 180,000 kwa mshahara huo ni miezi mitatu. Kuhusu CMA, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60, kwa hiyo muda wa kupatana upo bado. Mwite, mpe fedha yake, muandikiane.

Nauza pembejeo. Wakulima wanataka nusu kilo ya mbegu na kifuniko kimoja cha dawa. Hawana fedha ya pakiti nzima. Nikifungua na kuwapimia nawasaidia. Bwana shamba anasema ni kosa. Kosa liko wapi? (Duka la pembejeo, Makambako)

Nia yako ni njema na bwana shamba yuko sahihi. Pakiti ya mbegu ikifunguliwa, mambo matatu yanapotea pamoja: lebo ya TOSCI (taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu), namba ya kundi la mbegu, na ukavu. Mbegu ya mahindi ikikaa wazi dukani msimu wa mvua hunywa unyevu na uotaji wake hushuka. Mkulima atapanda mashimo elfu, yataota mia sita, na hatakuwa na karatasi ya kumshika mtu yeyote, si wewe, si kampuni. Amekopa, amelima, mvua imepita. Hasara yote ni yake. Isitoshe, mbegu iliyopakwa dawa ikiwa kwenye mfuko mweupe wa nailoni inafanana na chakula, na wapo watoto watakaoikaanga.

Dawa ni hatari zaidi. Kiuatilifu kilichohamishiwa kwenye chupa ya soda hakina jina, kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna wala maelekezo ya huduma ya kwanza. Mtu akikinywa kwa bahati mbaya, daktari hajui atibu nini. Tafadhali usifanye hivyo hata mara moja, hata kwa mteja wa miaka yote.

Umaskini wa mkulima ni wa kweli, na una njia. Agiza pakiti ndogo. Kampuni za mbegu zina za kilo moja na kilo mbili, na dawa nyingi huja katika ujazo mdogo. Waunganishe wakulima wawili au watatu wa jirani wanunue pakiti moja ikiwa imefungwa, waigawe shambani siku ya kupanda, na mmoja abaki na lebo na risiti. Au pokea fedha kidogo kidogo tangu baada ya mavuno, kwa kadi yenye sahihi, na pakiti itoke siku malipo yakikamilika. Kwenye risiti andika aina ya mbegu na namba ya kundi. Ikitokea haioti, hiyo namba ndiyo itakayomrudishia mkulima haki yake.

Na bidhaa zinazokaribia kuisha muda: zitenge kwenye rafu yake miezi mitatu kabla, uza kwa punguzo ukimwambia mteja sababu. Zilizopita muda toa rafuni siku hiyohiyo, ziandike, zifunge kwenye boksi lenye alama, uulize msambazaji au ofisi ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) namna ya kuziteketeza. Usizichome nyuma ya duka.

Nasambaza mboga na matunda hotelini, mzigo wa milioni nne kwa mwezi. Ofisa manunuzi anataka asilimia tano "ya kahawa", la sivyo oda itapungua. Hoteli ni ya mtu binafsi, si serikali. Hiyo nayo ni rushwa? (Msambazaji, Arusha)

Ndiyo, dada. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye ofisi za umma. Mtu aliyeajiriwa akidai chochote ili aamue mambo ya mwajiri wake kwa upendeleo, ametenda kosa, na anayempa ametenda kosa pia. Asilimia tano ya milioni nne ni 200,000. Itatoka wapi? Utapandisha bei kwenye ankara, au utapunguza ubora wa nyanya. Vyovyote vile mwenye hoteli analipa 200,000 bila kujua, na jina lililo kwenye ankara ya uongo ni lako, si la ofisa.

Fanya hivi. Kwanza, usijadiliane kwa simu wala usitoe chochote "kwa mara ya mwisho". Andika barua fupi ya bei mpya kwa uongozi wa hoteli, nakala kwa ofisa huyo, yenye sentensi isiyomtuhumu mtu: kwamba kampuni yako haitoi kamisheni kwa mtu binafsi, na punguzo lolote litaonekana kwenye ankara. Ukiweza, toa punguzo la asilimia mbili kwa anayelipa ndani ya siku saba. Hiyo ni 80,000, inakwenda kwa hoteli, nawe unapata fedha mapema.

Pili, hati ya kupokea mzigo isainiwe na mtunza stoo baada ya kupima, si na ofisa manunuzi. Malipo yapite benki. Oda ikipungua ghafla baada ya barua, una karatasi za kumwonyesha meneja: kiasi kabla, kiasi baada, na ubora uliopokelewa bila malalamiko. Onyesha karatasi, mwache yeye ahitimishe. Shinikizo likiendelea, piga 113 TAKUKURU, namba ya bure, kabla ya kutoa fedha yoyote. Usijitengenezee mtego wako mwenyewe kwa fedha zako. Hiyo ni kazi yao.

Tatu, na hili ndilo zito: umesema hoteli hii ni karibu mauzo yako yote. Mwenye mteja mmoja hana nguvu ya kusema hapana. Katika miezi sita ijayo tafuta wengine, hata wadogo wanaolipa kidogo, hadi hoteli hii isizidi theluthi ya mauzo.

Umeuliza pia kuhusu kapu la sikukuu. Halina ubaya likienda kwa jikoni lote au ofisi nzima, hadharani, likiwa dogo, na hakuna zabuni au malipo yanayosubiri uamuzi. Jiulize kama ungeweza kuliandika kwenye daftari lako kwa jina lake halisi, na kama ungempa mtu huyo iwapo kesho angehamishwa idara.

Nina duka la simu na vipuri. Nimebandika tangazo "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Mteja anasema tangazo langu halina nguvu. (Morogoro)

Mteja yuko sahihi kwa bidhaa mbovu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi, na tangazo la ukutani haliwezi kumwondolea muuzaji wajibu wa kuuza kitu kinachofanya kazi iliyokusudiwa. Aliyebadili mawazo kuhusu rangi ni jambo jingine; hapo unaweza kuweka masharti yako, mradi umemwambia kabla hajalipa.

Libandue, uandike jipya: siku ngapi za kurudisha kitu kibovu, aje na nini, na atapata nini (kutengenezewa, kubadilishiwa au fedha). Ijaribu kila simu mbele ya mteja: chaji, spika, kamera zote mbili, laini zote. Kisha andika IMEI, namba ya utambulisho ya simu hiyo, kwenye risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) au karatasi iliyoambatishwa nayo, wote wawili mkiisoma kutoka kwenye kioo kwa kubonyeza *#06#. Ikirudi simu yenye IMEI nyingine, utajua si uliyouza. Ikirudi ileile, na tatizo si maji wala kuanguka, ipokee.